Maji Safi Kupita Kiasi

"Usicheke."

Ndiyo amri ya mwisho aliyopewa Mika Sumari na wakubwa wake wa upelelezi kabla ya kupanda treni kuja Arusha. Sasa, juu ya tangi la maji huko Moshono, hakuwa na la kumchekesha.

Ilikuwa mwaka wa 1943, vita ya Hitler imepamba moto. Kila Jumatatu Bwana Haller, fundi mkuu wa maji ya mji, alituma chupa ya maji ikapimwe Dar es Salaam. Majibu yakawa yale yale: safi, salama, hongera. Safi mno! Mpimaji mmoja akashtuka. Maji ya mlima Meru yana madini yanayotia meno rangi ya kahawia. Ya Haller hayakuwa nayo hata chembe. Yalikuwa maji ya mvua, na anayeghushi vipimo ana jambo analolificha.

Haller hakuajiri wenyeji, maana ndugu zao walikunywa maji yale. Kwa hiyo Mika akajiita Saidi wa Tabora. Lakini alizaliwa Momela, chini ya Meru, na meno yake yalikuwa kahawia kama chai ya rangi. Wiki nzima alikuwa akizungumza na mkono mdomoni.

Na mama yake, Marta, alichota maji bombani Kijenge. Maji ya tangi hili hili.

Redio iliyofichwa ndani ya sanduku la spana ikakoroma. Alikuwa Khairunissa, mwenye duka la dawa mjini, mwenzake katika kazi hii.

"Kaka, lori lake la Bedford limepita hapa. Amebeba pipa."

"Askari wako wapi?"

"Njiani. Nusu saa hivi."

"Nusu saa nitakuwa maiti, dada."

"Basi usife."

Redio ikazimika.

Lori likafika. Haller akapanda ngazi na pipa begani, bastola ya Luger kiunoni.

"Saidi! Fungua mfuniko, upesi!"

Mika akafungua. Alitaka kumrukia, akaitazama ile bastola, akabaki na spana yake mkononi. Haller akamimina. Harufu chungu ikapanda puani.

"Saa sita nafungulia mji," Haller akasema. "Na kambi ya jeshi la Waingereza. Chupa ya Dar es Salaam iko tayari. Nani atalaumu maji?"

Mika akamwona mama yake akilini, na debe lake. Spana ikamponyoka, ikamwangukia kidole cha mguu.

"Mama yangu wee!"

Mdomo wazi. Meno yote nje.

Haller akayatazama meno yale.

"Tabora, eh?" Akachomoa Luger. "Fungua tena huo mdomo."

Mika akajitupa kutoka juu ya tangi hadi chini.

Risasi ikachana bega la shati. Msitu ulikuwa karibu, na kila mshipa wake ulitaka kukimbilia huko. Lakini gurudumu la koki ya kumwagia maji ya tangi korongoni lilikuwa hapo chini, limeshika kutu. Akaling'ang'ania huku akilia, kweli akilia, machozi na makamasi.

Risasi ya pili ikagonga chuma.

Koki ikaachia.

Haller aliteremka mbio kuifunga. Maji yakamkuta kwenye ngazi ya mwisho, yakamzoa miguu, yakambwaga korongoni pamoja na Luger yake.

Askari walimkuta huko akitapika. Wakamfunga pingu, wakaweka walinzi korongo zima, mtu wala ng'ombe asisogee.

Mchana Mika akapita Kijenge. Amri ilikuwa asijulikane na mtu, hata aliyemzaa. Foleni ya madebe matupu ilikuwa ndefu, na sauti moja ilizishinda zote.

"Hawa watu wa maji hawana haya!" Marta alifoka. "Tangu asubuhi hata tone! Aliyemwaga maji yetu na akaukwe koo, mjinga mkubwa!"

Mika alisimama ng'ambo ya barabara, akasikiliza matusi yote mpaka mwisho. Yalikuwa matusi ya mama mzima, mwenye pumzi zake. Angependa mama aongeze.

Kisha akashusha kofia usoni, akaondoka taratibu, mikono mifukoni.