Kumbukumbu za Kikao Kilichopita

Siku ya kulipia vibanda, ukumbi wa baraza la mji hujaa mpaka kupumua ni kwa zamu. Ndipo alipokuwa amesimama fundi cherehani aliyeitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, katika gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, kiuno kimekaa sawasawa. Akapita diwani kijana, koti jeusi, viatu vinang'aa, upindo wa suruali umefumuka unaburuta sakafuni.

"Mheshimiwa, leo wewe ndiye mfagiaji?"

Diwani akatazama chini, akaangua kicheko. "Na kikao kinaanza! Nifanyeje, dada?"

"Panda kwenye benchi."

Akapanda, mheshimiwa mzima, foleni nzima ikimcheka. Sindano akampigia upindo harakaharaka, akakata uzi kwa meno.

"Nikulipe nini?"

"Uniletee nyingine ikifumuka."

Aliyependa hakosi sababu. Wiki ile suruali zake zikafumuka zote, hata mpya. Simu nazo zikaanza.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nilikula kiapo nisikupokelee, ona ulivyonivunjisha. Haya, kitendawili."

"Tega."

"Nikiwa naye naishiwa maneno, akiondoka nasema peke yangu."

"Simu?"

"Kakuroga nani wewe? Ni wewe!"

Diwani akafika hata kwa mama yake Sindano, akakaribishwa kiti, akasema nia yake ni kuoa. Mama akamwita mwanangu.

Kisha baraza likataka kuvunja kibanda cha Sindano pale pembeni mwa soko, magari yapate pa kugeuzia. Akaomba aachiwe. Siku ya kikao yeye na mama yake wakaketi mabenchi ya nyuma, mama kavaa mtandio wake wa heshima. Desturi ya baraza lile ni moja: mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji husimama, husema, hutoka nje, wala hapigi kura. Kwa hiyo mama akamfinya binti yake. "Leo mji mzima utajua una mchumba."

Mwenyekiti akavua miwani. "Kuna mwenye uhusiano na mwombaji? Mheshimiwa, nasikiasikia habari zako."

Diwani akasimama. Hakutazama nyuma.

"Maneno ya mtaani hayo, mwenyekiti. Yule ni mwananchi kama wananchi wengine. Sina uhusiano naye."

Wakapiga kura. Kibanda kikapona kwa kura moja.

Mama akajifunga mtandio. "Mwananchi," akamwambia bintiye, "twende nyumbani."

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, ningesema kweli ningetolewa nje. Ile kura moja ilikuwa yangu!"

"Najua."

"Sasa umenuna nini? Kibanda unacho."

"Kibanda ninacho. Na wewe, ninaye?"

"Unaye, ila kwa siri kidogo. Nikikuoa sasa watasema nilidanganya kikao, udiwani utaniponyoka. Tusubiri uchaguzi upite."

"Mama yangu hatoki nje kwa aibu, wewe unanisomea uchaguzi?"

"Nilifanya kwa ajili yako, Sindano."

"Hukuniuliza. Sikiliza. Kikao kijacho wataanza kwa kusoma kumbukumbu za kilichopita. Mwenyekiti atauliza kama kuna marekebisho. Simama urekebishe. Kibanda wakibomoe, cherehani nitaiweka uani kwa mama."

"Na udiwani wangu?"

"Mimi nimeshataja nitakachotoa."

"Nitasimama. Haki ya mama."

Siku ikafika. Sindano alikwenda peke yake, gauni jeupe lenye maua ya zambarau. Karani akasoma: paa la zahanati, mbwa wanaozurura, mtaro wa mashariki. Kisha akasoma kwa sauti ileile: "Mheshimiwa alieleza kuwa hana uhusiano na mwombaji. Ombi lilikubaliwa."

"Kuna marekebisho?"

Diwani mmoja mnene akainuka, kiti kikashukuru. "Mtaro ni wa magharibi, si mashariki."

Ukarekebishwa.

"Mengine?"

Sindano akamtazama mtu wake. Naye akamtazama, kitambo, macho yamemlegea kama mgonjwa. Akafungua kalamu. Akaifunga.

"Kama hakuna, nani anathibitisha kuwa yaliyosomwa ni kweli? Mheshimiwa, leo umetulia sana. Unathibitisha?"

Diwani akainuka.

"Nathibitisha, mwenyekiti."

Karani akaandika, wakaingia kwenye ajenda ya mbwa.

Mlangoni mlinzi akamuuliza Sindano, "Dada, mbona mapema? Jambo lako limekwisha?"

"Limekwisha, kaka."

Akashika njia ya sokoni, akafungua kibanda chake. Simu ilipolia kwenye mkoba aliiacha ilie, akaendelea kukanyaga cherehani, akikanyaga kwa nguvu ili wateja wasisikie kingine.