Nilimcheka Mama Mkwe

"Burito, umefuta?"

"Nimefuta, Wegesa."

"Umefuta watu washasikia. Mama kasikiliza mara tatu."

Nilikuwa nimekaa kitandani chumbani kwangu Nyasho, simu sikioni. Zimebaki wiki tatu tufunge ndoa.

Yote yalianzia kwenye grupu la maombi la WhatsApp. Kanisa la mama yake Wegesa, kule Kisorya, linaamini Mungu aliwachagua watu wake kabla ya kuumba dunia. Kwetu tunaamini mtu anachagua mwenyewe. Mama aliandika: "Mwanangu Clever alizama ziwani kabla hajabatizwa. Lakini Mungu alimchagua tangu zamani. Hilo ndilo linanipa usingizi."

Na mimi, mwalimu wa vijana, mjuaji wa mistari, nikatuma sauti: "Mama, Mungu hana orodha ya upendeleo! Clever hakuokoka, tusidanganyane." Kisha nikacheka. Mama mkwe ambaye kimila hata kumtazama usoni naona haya, nikamcheka na msiba wake mbele ya watu arobaini!

"Nisamehe, mpenzi."

"Hukunikosea mimi. Nenda Kisorya. Mama akikataa, ndoa hakuna."

Asubuhi nikapanda basi. Nilimkuta nje ya jiko anaparua sato. Nikapiga magoti mbali kidogo, macho chini.

"Mama, nimekuja..."

"Umekula?"

"Nimekosa, Mama. Nilikuwaga najiona namjua Mungu kuliko watu wote."

"Nimekuuliza, umekula?"

"Bado."

Kisu kikaendelea kuparua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Niliumia, baba. Kubishana sikatai, hata na mchungaji wangu nabishanaga. Lakini wewe ulicheka. Siku wanamtoa Clever majini, nani alicheka?"

Machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

"Mama, siwezi kukudanganya, bado siamini kama unavyoamini. Ila sikupaswa kukuumiza."

"Nani kakwambia ubadilike? Usije ukabadili imani kwa ajili ya mke."

"Na ndoa, Mama?"

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Wegesa aliponitajia jina lako, hujaja hata kuposa, mimi nilishakukubali. Unadhani nilikuchagua kwa uzuri wako?"

Nilitoa simu palepale, nikatuma sauti kwenye grupu: "Nilimcheka mama aliyefiwa. Nimekosa, nanyi mlionisikia mnisamehe."

Nikakaribishwa sebuleni, nikawekewa ugali na sato peke yangu, kama desturi inavyotaka. Meseji ya Wegesa ikaingia.

"Mama kasemaje?"

"Alinichagua kabla sijaposa."

"Na wewe bado unabisha?"

"Leo sibishi, Wegesa. Naona aibu hata kumaliza samaki wake."

"Maliza samaki wa mama, Jumamosi tunapima suti."