Ubao wa Perna Mezani kwa Gavana

Jua lilikuwa linazama Bellina alipojifunga kitambaa cha njano, kile ambacho sheria ya Papa iliwalazimisha wanawake wa Kiyahudi kukivaa, akatoka kwenda kudai ubao.

“Nikishafunga lango sifungui, bibi,” alisema Tognino, mlinzi wa lango la mtaa wa Wayahudi. “Utalala nje.”

“Heri nilale nje. Nikirudi mikono mitupu, dada yangu atazikwa bila kuoshwa.”

Perna, dada yake, alikuwa amekata roho mchana ule. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, lazima azikwe kabla Sabato haijaingia. Na ubao wa kuoshea maiti, mmoja tu kwa mtaa mzima, ulikuwa ikulu.

Kwani gavana wa Papa, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwa na hata shuka lake mwenyewe. Kila akipata mgeni, Wayahudi watoe vitanda, viti, vinara. Bure! Vilirudi na madoa, au havikurudi kabisa. Asubuhi ile alikuja msimamizi wake, Bastiano, bega la kushoto limeinama, mdomo haujui kufungwa. Akauona ubao umeegemezwa kwenye kibanda cha kuoshea maiti.

“Huu utafaa kwa meza.”

“Bwana, huo ni wa kulazia maiti,” Bellina alimwambia.

“Nyie hamkosi visingizio!” Akaulaza chini, akajinyoosha juu yake chali, akafumba macho, akatoa ulimi. Wabeba mizigo wakacheka hadi wakashika mbavu.

Bellina hakucheka. Mtu mzima na akili zake hajaribu kaburi kama anayejaribu kiatu.

Sasa akaingia ukumbini. Ubao ulikuwa meza, umefunikwa kitambaa, na wageni walikuwa wanatafuna nguruwe juu yake, mafuta yanawachuruzika videvuni. Waungwana hao! Ndio wanaowaita wenzao najisi. Akamsogelea Bastiano.

“Bwana, nimefiwa. Naomba ubao wetu.”

“Subiri tushibe.”

Tone...

Kitu kilidondoka chini ya meza.

Tone... tone...

Hakuna aliyemwaga kikombe. Bellina akasikia harufu ya maji ya uvuguvugu na sanda mpya. Aliijua harufu hiyo maisha yake yote, lakini mezani hapakuwa mahali pake.

Kitambaa cha meza kikaanza kulowa kwa umbo la mtu aliyelala. Kichwa. Kifua. Miguu...

Bega la kushoto limeinama.

Gavana alidhani ni divai, akamtukana mtumishi. Mgeni wake akaweka mkate pale kifuani, akaendelea kula. Bastiano peke yake ndiye aliyeelewa. Akajishika bega.

“Nani... nani kalala hapa?” akanong'ona.

“Mama yangu. Mume wangu. Na wewe, asubuhi.”

Bastiano akaung'oa ubao, sahani zikavunjika, gavana akafoka. Alikimbia nao kichwani hadi langoni, Bellina nyuma yake, Tognino akiwa bado hajafunga.

“Niondolee hilo umbo!” alilia. “Nakusihi, mama!”

Sasa amekuwa mama! “Mimi nina dada wa kuosha,” Bellina alimjibu, akauchukua ubao, akaingia ndani.

Perna akaoshwa, akavikwa sanda, asubuhi akazikwa. Bellina alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akarudi kuufuta ubao. Ukabaki na alama ya maji. Akasugua. Haikutoka. Haikuwa ya Perna; bega lake la kushoto lilikuwa limeinama.

Tognino akaja mbio.

“Bastiano kafa! Kitandani, kalowa chapachapa, na godoro kavu. Kachanwa nywele, kakatwa kucha. Tangu nimjue sijamwona safi hivyo.” Akashusha sauti. “Nani kamwosha, bibi?”

“Waoshaji wote walikuwa kwa Perna mpaka kukacha.”

“Gavana hajali. Jioni ana wageni wengine, anautaka tena ubao. Anasema meza yake ilipendeza.”

Bellina akageuka kuutazama. Ulikuwa mkavu kabisa, hauna alama hata moja.

“Mwambie aje mwenyewe,” alisema. “Ajipime.”