Saa ya Kengele kwenye Jumba Lisilo na Saa

Kila Jumamosi Sekunde alifagia karakana ya baba yake, akafuta vumbi saa za ukutani, kisha akakaa kungoja mteja wa kulalamika. Jina hilo la utani walimpa wanafunzi wenzake kwa sababu baba yake ni fundi saa, na kwa sababu yeye mwenyewe ni mfupi. Hakulipenda, lakini angefanyaje?

Jumamosi hiyo, saa saba, baba aliondoka kwenda hospitali kumchukua bibi, aliyekuwa amepasuliwa macho. "Saa tisa tutakuwa hapa," alisema.

Saa kumi na moja simu ya karakana ikalia. Alikuwa muuguzi. "Bibi yako yuko kwenye benchi tangu saa nane. Hatuwezi kumtoa bila mtu mzima kutia sahihi. Macho yamefungwa bandeji, anamuuliza kila anayepita kama ni mwanawe."

Sekunde hakuwa na haja ya kuuliza baba yuko wapi. Alichukua saa ya kengele yenye kelele kuliko zote, akavuka barabara mbio hadi jumba la kamari.

"Watoto hawaingii," mlinzi alisema.

"Baba yangu yumo! Yule fundi."

"Humo ndani kila mtu anajiona fundi, mwanangu."

Mama mfagizi akatoka na ndoo yake. Sekunde akamkimbilia. "Mama, humo ndani hawaoni saa?"

"Saa? Hakuna saa wala dirisha. Soda za bure zipo tele. Mtu akijua jioni imefika, si atakwenda kwake?"

Sekunde akaitega kengele ilie baada ya dakika mbili. "Tafadhali, mwekee baba yangu juu ya mashine yake. Ana shati la kijani."

Kengele ililia, ikasikika mpaka barabarani. Baba akatoka ameikumbatia, akaona jua limeshuka nyuma ya maduka. "Si ndiyo kwanza saa nane?" aliuliza. Sekunde akamwonyesha mishale ya saa aliyoikumbatia. Alimshika mkono, wakaenda hospitali.

Bibi alikuwa ameketi wima, mfuko wa dawa mapajani. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeuliza watu wengi mpaka nikaona haya."

Baba alitia sahihi, wakatoka. Njiani alisema kwa sauti ndogo, "Kwenye ile mashine ya kamari, picha mbili zinalingana, ya tatu inapita kidogo tu. Nikadhani ni kama saa inayochelewa, nikiisoma vizuri nitaiweza. Kumbe haijaharibika, Sekunde. Wameitengeneza hivyo, ikuonyeshe umekaribia ili usiinuke. Hakuna fundi wa kuishinda. Dawa ni kutoingia. Sitaingia tena, naahidi."

"Ahadi zako nimezikalia leo kutwa nzima," bibi alisema. "Jumatatu saa tatu natolewa bandeji. Nataka kukuona."

Jumatatu, saa mbili, baba alikuwa wa kwanza kwenye foleni, saa ya kengele mapajani. Bandeji ilipofunguliwa, bibi alimtazama mwanawe usoni, akamgusa shavu.

"Umekonda," alisema.