Shimo la Nne

Mkaguzi wa majengo wa jiji alishusha futi ya kupimia kwenye shimo la nne, ikagota kabla haijafika mbali. Kibali kilitaka kina cha futi tano, baridi ya Minnesota isije ikagandisha udongo na kuinua nguzo za baraza ya mbao. Akakwangua udongo kwa koleo. Zikatokea soli mbili za viatu.

Saa moja baadaye Arlen Tveit, mwenye nyumba, alikuwa jikoni mbele ya Inspekta Lucille Bergstad. Maiti ilikuwa ya jirani yake, Vernon Haglund, mzee mfupi aliyepotea tangu Jumanne. Daktari wa polisi alisema alitumbukia kichwa chini, shingo ikavunjika, kisha akafukiwa.

"Mashimo ulichimba wewe?"

"Mimi."

"Na Vernon mlikuwa hampatani."

"Alisema baraza yetu itamziba asilione ziwa. Mtaa mzima unajua."

Arlen alijiona yuko kizimbani tayari. Moyo, uliomlaza hospitali majira ya baridi, ulimwenda mbio. Mkewe, Doreen, alimimina kahawa, nusu ikamwagika mezani.

Inspekta akauliza lori la zege lilitarajiwa lini. Kesho, Arlen akajibu, mkaguzi akishapita, maana zege halimwagwi kabla hajapima kila shimo. Kibali alikisubiri wiki kumi na moja. Masharti yake alikuwa ameyakariri yote.

"Basi si wewe," Inspekta akasema. "Usingemficha mtu mahali unapojua leo atakuja mpimaji. Aliyefanya hivi alijua zege linakuja. Hakujua kwamba mkaguzi hutangulia."

Arlen akashusha pumzi. Kisha ikamkwama kifuani, kwa kuwa siku ya zege alikuwa amemwambia mtu mmoja tu nyumbani.

Inspekta akaweka mezani barua aliyoitoa kwenye jalada la kibali. Ilisema Vernon Haglund ameridhia baraza ijengwe karibu na mpaka wake. Arlen hakuwahi kuiona. Fomu zilipelekwa na Doreen. Lakini mwandiko ule aliuona kila Jumamosi, kwenye orodha ya vitu vya dukani pale mlangoni mwa friji. Hofu ikamrudia, na safari hii hakuwa akijihofia mwenyewe.

"Alikataa kusaini, nikamsainia," Doreen akasema taratibu. "Jumanne akaja na nakala. Akasema kibali kitafutwa. Akainama kuchungulia shimo, anacheka. Nikamsukuma."

"Kwa ajili ya baraza, mama?" Inspekta akauliza.

Doreen alimjibu mumewe. "Ulipotoka hospitali ulikaa kwenye kile kiti miezi miwili, Arlen. Huli, husemi. Siku ulipoanza kuchora baraza, ndiyo siku uliyoniomba chakula. Niliogopa usije ukarudi pale."

Inspekta akamfunga pingu, akamtoa nje.

Arlen akainuka kuwafuata, akaishia mlangoni. Akapapasa mahali pa kukaa. Kilichokuwa karibu ni kile kiti.