Barua Aliyosema Hakuipata

"Silipi hata senti!" Leonidas aliwaka mbele ya karani wa mahakama. "Aliyeomba talaka ndiye amlipe mthamini."

"Hakimu ameagiza nusu kwa nusu," karani alijibu. "Nyumba na shamba visipothaminiwa, hakuna wa kugawiwa kitu."

Deodata alifungua fundo la kanga, akaweka noti mezani.

"Nusu yangu hii. Nimeuza cherehani."

Leonidas alimgeukia. "Cherehani niliyokununulia?"

"Hiyo hiyo."

Leonidas alitoka nje. Keshokutwa yake akaleta nusu yake.

Ilikuwa mwaka 1997. Leonidas aliendesha lori la maji kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole. Mshahara wake ndio ulioezeka bati nyumba yao ya Murusagamba, na mikono ya Deodata ndiyo iliyopanda kila mgomba. Miaka mitatu nyuma mtoto wao wa pekee, Teddy, alifariki kwa homa. Tangu hapo Leonidas alikuja nyumbani kama mgeni, mwisho akahamia kwa muuguzi mmoja wa kambini, Speciose.

Ijumaa mthamini alifika, mzee Bulugu, amechoka kwa barabara mbovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Sina msaidizi. Shikeni futi kamba, mmoja huku, mmoja kule."

Basi wakaipima nyumba yao wenyewe, chumba kwa chumba, bila kutazamana. Wakahesabu migomba.

"Kuna kaburi shambani?" Bulugu aliuliza.

Deodata alinyoosha mkono. "Moja. Kule nyuma."

Walisimama mbele ya msalaba mdogo wa saruji. Leonidas hakuwahi kukanyaga pale.

"Mama Teddy..." alianza.

"Usiniite hivyo! Nilimpa Danstan, dereva mwenzako, barua akuletee. Mtoto kazidiwa, njoo. Ukaniapia hakukupa. Nikamfukuza Danstan hapa mlangoni kama mbwa."

Leonidas aliachia futi kamba.

"Alinipa."

"Unasema?"

"Alinipa asubuhi ile ile. Wakimbizi walikuwa wanamiminika kutoka mpakani Rusumo, hawana maji. Nikasema nimalize safari moja tu. Niliporudi nikaambiwa mtoto hayupo. Nikashindwa kukutazama usoni, nikapanda tena lori. Siku tatu nimebeba maji nikilia."

Deodata alikaa chini, kwenye udongo. Bulugu alivua kofia.

"Mzee, mwandikie yeye vyote," Leonidas alisema. "Nyumba, shamba. Sitaki nusu."

"Usininunue," Deodata alisema. "Mzee, waandikie mahakama nataka nusu kwa nusu. Ila huku nyuma kuwe kwangu."

"Nitaachana na Speciose. Turudiane, nakuomba."

"Speciose nilishakusamehe zamani, Leonidas. Hilo la barua siliwezi."

Mwezi uliofuata mahakama iligawa. Deodata alipata nyumba na shamba la nyuma, Leonidas shamba la mbele. Waliagana barazani kwa kupeana mikono, kama majirani, na Leonidas akashika njia ya kambini.

Jumatatu yake Deodata alijitwika mkungu wa ndizi, akadandia lori hadi Biharamulo, alikohamia Danstan tangu alipomfukuza mlangoni. Aliulizia mpaka akaipata nyumba. Mkewe, Anneth, alitoka akifuta mikono.

"Karibu, dada."

"Sikai. Mimi ni Deodata wa Murusagamba. Nimekuja kumwomba radhi mume wako. Nilimwita mwongo, kumbe alisema kweli."

Anneth aliacha kufuta mikono.

"Danstan tulimzika Machi. Ajali ya lori."

Mkungu ulimponyoka Deodata.

"Alikusubiri sana," Anneth aliendelea, machozi yakimlenga. "Kila alipokukumbuka, usingizi ulimruka. Akaniambia, yule mama akija siku moja, usimfukuze."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani.