Alama ya Vernis

Jumamosi soko la Nyawera halina huruma. Maisara alijipenyeza kati ya wauza samaki wadogo wa sambaza na pikipiki zilizopanda hadi barazani, akiinua kitenge chake cha manjano kisiguse tope, mpaka akaingia katika duka la vipande vya kompyuta. Kwa mwaka mzima alikuwa akiikusanya mashine yake kipande kwa kipande, ili aache kukodi za watu kwa kazi yake ya kutengeneza video za harusi. Zilibaki kumbukumbu za mashine tu, yaani RAM, zile barrette mbili nyembamba.

Papa Didier, mwenye duka, akamwekea mbili mezani. "Chukua, maman. Ziko sawa."

"Haziko sawa," ikasema sauti nyuma yake. "Moja iko na mbio, ingine iko pole. Ukizitia pamoja, ya mbio itafuata ya pole. Chukua mapacha."

Maisara akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu havina hata tone la tope. Viatu hivyo ndivyo vilivyomtia shaka. Nani hufika Nyawera Jumamosi akabaki msafi?

"Na wewe uko commissionnaire, dalali wa duka gani?"

"Sina duka. Niko Usman, naangaliaka ordinateurs, hizi kompyuta, za bureau moja kule Muhumba."

"Basi unapata faida gani hapa?"

"Faida iko kukuona umekasirika."

Papa Didier akacheka mwenyewe, akatoa boksi la mapacha.

Wakabadilishana namba za simu, na jioni zikawa na kazi mpya.

"Umekula, chérie?"

"Nani alikuambia niko chérie yako?"

"Mahari sijaleta, ni kweli. Lakini jina halilipishwi."

Maisara alicheka, ila kila akikata simu moyo ulimuuliza: mtu wa ofisi Muhumba anatafuta nini huku kwetu Cimpunda? Tena, kila walipokuwa wawili, simu ya Usman ikilia, alitoka nje kuipokea. Mama yake, Kulthumu, muuza vitenge wa soko la Kadutu, hakumtuliza. "Mwanaume mwenye kutoka inje na téléphone, haiko mvua anasikiliza."

Usman alipojitolea kuja kuiunganisha mashine, Maisara akafanya wanavyofanya wengi mjini kabla ya kumpa fundi kitu chao, maana wapo mafundi wanaotoa kizima na kutia kilichochoka. Alichukua vernis nyekundu aliyojipaka kucha siku ya Idi, akadondoshea kila kipande tone moja. Alifanya kwa haraka, kama mtu anayeiba.

Jumapili Usman alifanya kazi sebuleni huku mama akichambua maharage pembeni. Barrette ya kwanza aliitia katika tundu la pili, nyingine katika la nne.

"Mbona unaacha nafasi katikati?"

"Ubao uko na njia mbili. Kila njia ikipata barrette yake, zinabeba muzigo pamoja. Ukizisongesha njia moja, ingine inalala." Akageuza feni. "Na hii ya mbele ivute hewa, ya nyuma isukume. Zote zikivuta, hewa ya moto itatokea wapi?"

Wakaiwasha. Mashine ikaiona barrette moja tu.

Usman akaichomoa ile nyingine, akaenda nayo dirishani, akayatazama sana meno ya dhahabu ya ukingo wa barrette. Kisha akamtazama Maisara, akamtazama na mama.

"Iko uchafu kidogo," alisema. "Naenda nayo, nitairudisha kesho."

Kesho yake aliirudisha, na mashine ikaziona zote mbili, ikakimbia kama swala. Akanywa chai, akaaga. Nyayo zake hazijaisha barazani, Maisara alikwisha fungua ubavu wa mashine. Barrette moja ilikuwa na tone jekundu. Nyingine haikuwa na kitu.

Akampigia hapo hapo.

"Usman, barrette yangu iko wapi?"

"Iko mu ordinateur yako."

"Yangu ilikuwa na alama."

Usman akauliza polepole: "Uliweka alama sababu ya nini, Maisara?"

"Sababu ya wezi."

"Sawa," alisema Usman, simu ikakatika.

Shaka ni kama njaa. Huilishi mara moja ikatosheka. Maisara akawaza: kama amechukua barrette, ameacha processeur, ubongo wa mashine? Akafungua skrubu za kipozeo kilichoikalia, akasoma jina. Lilikuwa lile lile, na tone lake jekundu pembeni. Akakirudisha kipozeo juu ya ule uji wa kijivu wa kupitisha joto uliokwisha kubanduka. Siku iliyofuata, akihariri video, bibi harusi akiingia ukumbini kwenye skrini, feni zilinguruma na mashine ikazimika. Akaigusa, inaunguza.

Akachomoa vipande vyote, akitafuta kosa. Ile barrette isiyo na alama akaipeleka dirishani kama alivyofanya Usman. Kati ya meno mawili ya mwisho palikuwa na uzi mwekundu, mwembamba kuliko unywele.

Akaketi. Tone lake la haraka lilikuwa limemwagika hadi kwenye meno. Usman alilisafisha lote. Aliiona alama, akajua ya kazi gani, akaiita uchafu.

Alipomweleza mama, Kulthumu alikunja kitenge kabla ya kujibu. "Enda. Usitume message. Neno lenye lilitoka na mudomo, mudomo njo unalirudisha."

Usman alitoka kwenye geti la ofisi yake Muhumba na uso wa mtu wa benki.

"Nimekuja kuomba musamaha," alisema Maisara.

"Wa barrette?"

"Wa neno. Lakini sababu ya nini hukuniambia ni vernis?"

"Mbele ya maman yako? Niseme binti yako aliniandika mwizi na vernis?"

Maisara akainama. Lakini ulimi una yake. "Na zile simu za inje?"

Usman akapumua kwa nguvu. "Tonton Atumani, mujomba wangu wa Uvira. Anaulizaka siku gani alete posa. Sasa nilimuambia angoje."

"Angoje mpaka lini?"

"Mpaka nijue naoa muke ao naoa douane, mukaguzi wa mizigo."

Maisara alitaka kulia, akacheka. Akamwambia na habari ya kipozeo. Usman akajifunika uso kwa mkono, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Na pâte mupya, ule uji, hukupaka?"

"Ningejuaje?"

Alasiri hiyo alikuja na tyubu ndogo ya pâte. Maisara akamwekea mashine na bisibisi mezani. Mama alipotaka kuketi mahali pake, akamshika mkono. "Maman, twende jikoni."

Huko alichukua kitunguu. Sebuleni skrubu ikaanguka, ikabingirika. Shingo ya Maisara ikanyooka yenyewe kuelekea mlangoni.

"Enda basi uangalie," alisema mama.

"Apana."

"Maisara," Usman akaita, "kuya uone kabla nifunge."

Kisu kikasimama. Mama alimtazama.

"Funga tu," alijibu Maisara.

Kifuniko cha mashine kikagonga mahali pake. Usman akaja mlangoni, vidole vya kijivu, macho kwa Kulthumu.

"Maman, nikileta mugeni wa Uvira Jumapili, mutakuwa hapa?"

"Tutaenda wapi?" alisema mama. "Nawa mikono, unywe chai."